Mkono wa Gia Uliochakaa Upande wa Abiria

Waombolezaji wapendwa, kaka yetu mliyekuja kumsindikiza, ambaye ofisini aliitwa Mkaguzi Mkuu na mtaani akaitwa Orijino, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa pili kutoka karakana, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa vichwa vya treni, na mama yetu alipenda kusema kwamba mtoto huyo alijua kutofautisha milio ya injini kabla ya kutofautisha shangazi zake.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1958, kisha shule ya ufundi, alikohitimu Novemba 1969 kwa alama nzuri katika masomo yote isipokuwa uraia, somo aliloliona lina majibu mengi mno, na tarehe 2 Februari 1970 akaajiriwa Idara ya Ukaguzi wa Magari, katika ukumbi ule wenye madirisha mawili ya kuhudumia wananchi, ambako dirisha la kwanza humpeleka mtu la pili, na la pili humrudisha la kwanza akiwa na mhuri.

Hapo ndipo alipojijengea jina, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilikataza gari lenye umri wa zaidi ya miaka thelathini kutembea barabarani, isipokuwa lithibitishwe kuwa gari la kumbukumbu lenye vifaa vyake vya kiwandani, na kifaa ambacho wenye magari ya zamani ya spoti hawakuweza kuacha kukichokonoa ni mkono wa gia. Marehemu alikuwa akiketi kwenye kiti cha dereva, anaingiza gia zote, anafungua kirungu cha juu na kutazama uzi wake, na kabla hujamaliza kumsalimia ameshajua, maana mkono wa kiwandani husafiri mbali kutoka gia hadi gia, ilhali ule wa kununua baadaye umefupishwa ili mtu anayekwenda sokoni ajione yuko mashindanoni, na kirungu cha kubandika mara nyingi huchorwa rivasi mahali ambapo gia zenyewe hazina habari nayo. Wenye magari hakuwauliza kitu, akiwahesabu wote kuwa mashahidi wenye maslahi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa binti wawili na mvulana mmoja, ambao wote wako hapa, na wote walifundishwa udereva na baba yao, jambo ambalo mpaka leo hawapendi kulizungumzia.

Marehemu aliagiza lisomwe na hili lifuatalo, na ingawa baadhi yetu tulisema si mahali pake, agizo ni lake na msiba ni wake. Tarehe 14 Juni 1994 walifika kwake mwalimu wa muziki na mkewe, mshonaji wa nguo, na gari jekundu la viti viwili ambalo kila kitu chake kilikuwa sawa, isipokuwa ngozi ya kirungu cha gia ilikuwa imelika upande wa kushoto, upande wa abiria, ilhali dereva anayeketi kulia hukila kirungu upande wake mwenyewe, kwa hiyo marehemu akahitimisha kwamba mkono ule umeng'olewa kwenye gari lenye usukani wa kushoto. Mshonaji akaanza kusema, "Mzee, hapo kwenye gia," marehemu akanyanyua kidole, akamwambia, "Mama, subiri kwenye benchi, hapa kinaongea chuma," na mwalimu akamgusa mkewe begani, wakaenda kuketi kwenye benchi wote wawili. Gari likanyimwa cheti, likauzwa kwa dalali kwa bei ya kutupa, dalali akautupa mkono ule wa gia, akafunga wa dukani alioupiga msasa upande wa kulia, akalirudisha mwezi Septemba, marehemu akalipitisha kwa sahihi yake, na mwisho wa mwaka Idara ikamtunuku hati ya umakini.

Alistaafu Machi 2011, na miaka miwili baadaye mshonaji yule, sasa mjane, akahamia nyumba ya tatu kutoka kwake, akawa shoga wa mkewe, na marehemu hakumkumbuka. Tarehe 6 Mei 2017 alikuwa akimpeleka mjane huyo kununua vitambaa, na walipofika kwenye mlima wa kona, marehemu alipokanyaga tu klachi, mkono wa mjane ukatoka upande wa abiria ukaingiza gia ya pili, huku mwenyewe akiendelea kueleza habari za vifungo. "Samahani shemeji, mazoea," akasema, "mume wangu mkono wake wa kushoto ulipooza, basi yeye klachi, mimi gia, miaka kumi na moja." Marehemu akasimamisha gari katikati ya njia, honi zikamlilia nyuma, akauliza kama ni lile jekundu, naye akajibu, "Ndilo. Nilikujua siku ile ile niliyohamia."

Akamweleza kwamba mwalimu, baada ya kukosa gari, aliacha kufundisha, akawa mtu wa kukaa dirishani akitazama mahali lilipokuwa likiegeshwa, hadi alipofariki mwaka 1997. Kisha, akimwona mwenzake ameinamia usukani, akaongeza, "Hata ungeniuliza ningekudanganya, shemeji, wangemnyang'anya leseni," na marehemu akajibu kwamba afadhali angedanganywa, maana mtu aliyedanganywa hulala.

Tangu hapo alihangaika ripoti ile isahihishwe, akapigwa danadana na madirisha aliyoyahudumia mwenyewe, akaambiwa kwamba ombi sharti litoke kwa mmiliki, na mmiliki wa sasa hakuwa na hamu ya kupoteza cheti, au kwa mmiliki wa zamani akifika mwenyewe na kitambulisho, na aliposema kwamba huyo amekwisha kufa, kijana wa dirishani akamshauri aje naye asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.

Aliugua figo kuanzia Januari 2022, akalazwa mara kadhaa, na katika wiki yake ya mwisho alimwomba mjane msamaha mbele ya mkewe, naye, akiendelea kummenyea chungwa, akasema, "Nitalifikiria, shemeji." "Fikiria haraka basi," akamjibu, na tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akaaga dunia.

Kwa hiyo familia inatangaza, kwa niaba ya Mkaguzi Mkuu na bila mhuri, kwamba mkono wa gia wa gari jekundu la mwalimu ulikuwa wa kiwandani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Idara iliyotuma rambirambi yenye kumbukumbu namba, na majirani wote, isipokuwa mama mmoja aliyeketi safu ya pili, ambaye amekuja kila siku ya msiba huu lakini ameomba asiwekwe kwenye shukrani, kwa sababu bado hajampa marehemu jibu lake.

Pumzika, kaka yetu, hata kabla ya jibu.