Pa Kutia Nanga

Ndani ya treni ya Mwanza, daraja la tatu, fundi cherehani wa Tabora aitwaye Abasi, aliyekaa kando yangu, alikuwa anaieleza likizo yake kama anayehutubia mkutano. Shemeji yake wa Ukerewe atamwazima mashua ya tanga, naye atazunguka visiwani siku saba. Tanga lenyewe hajawahi kulishika.

"Usiku utatia nanga wapi?" aliuliza Mama Leonia, mkulima wa pamba aliyekaa mbele yake. "Penye matete mengi, mama. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara. Alisema kambi nzuri ni penye majani." Mama alijipiga kofi pajani. "Matete ni nyumba ya kiboko, mwanangu! Tafuta mchanga, kisiwa kikukinge na upepo. Tena ufike jua likingali juu, uione miamba."

Abasi alibisha kwamba babu yake alifika pwani mara nne. Mama akajibu kwamba babu hakulala majini hata siku moja. Nilikuwa upande wa mama, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kumbe mama huyu alizaliwa kisiwani Ukara. Aliolewa Nzega, wakahamia kijiji cha ujamaa, na ziwa hajaliona tangu mwaka wa Uhuru. "Basi twende, mama, ukanionyeshe," alisema Abasi. "Na pamba nimwachie nani?"

Treni ikasimama Bukene. Mama alishuka, akaja dirishani kwetu, akalowesha kidole kwa mate na kukiinua juu. "Upepo unatoka mashariki," alimwambia Abasi. "Leo ungelala magharibi ya kisiwa."

Maji pekee niliyoyaona pale yalikuwa ndani ya ndoo, kichwani kwa mwanamke aliyekuwa akipita.