Gari la Bosi

MAMA BOSI: Haloo? Namba ngeni hii, nani mwenzangu?

FUNDI: Mumeo wa ndoa! Simu yangu imezima, hii nimeazima kwa dalali wa magari.

MAMA BOSI: Nimekupigia asubuhi nzima, Baba Bosi.

FUNDI: Pole. Habari za huko? Hapana, ngoja, usijibu. Sikiliza kwanza. Kiti kimeingia!

MAMA BOSI: Kiti gani?

FUNDI: Kiti cha magurudumu cha mwanao! Nimekuja nacho hapa kwenye magari, watu wamenicheka, eti fundi anahama nyumba. Si unajua hakikunjiki, bawaba nilizichomelea mwenyewe kisimyumbishe. Kila gari limekikataa. Hili nimefungua buti, nikakisukuma hivi, kikakaa kama kimezaliwa humo. Na buti linafunga!

MAMA BOSI: Baba Bosi—

FUNDI: Limechakaa, sikufichi. Rangi imechoka, mlango mmoja mpaka uubembeleze. Lakini injini haikohoi. Na siti ya mbele iko juu, ataona barabara yote. Mpe simu nimwambie.

MAMA BOSI: Amelala.

FUNDI: Saa hizi? Bosi alale mchana? Kliniki mlienda?

MAMA BOSI: Tulienda.

FUNDI: Aa! Na kiti ninacho mimi! Kichwa changu hiki bwana. Ulimpelekaje sasa?

MAMA BOSI: Mgongoni. Kurudi wametuleta na gari la— [mtandao unakwaruza]

FUNDI: Unakatika! Gari la nani?

MAMA BOSI: La wagonjwa. Hilo lako, siti za nyuma zinalala?

FUNDI: Zilale ili iweje? Yeye anakaa mbele na mimi, wewe nyuma na vikapu vyako—

MAMA BOSI: Nijibu tu.

FUNDI: Zinalala. Ila ukizilaza, na kiti kiko kwenye buti—

MAMA BOSI: Kitoe.

FUNDI: Nitoe nini?

MAMA BOSI: Kiti. Kitoe humo garini.

FUNDI: Daktari kasemaje?

MAMA BOSI: Mgongo haumbebi tena. Kasema asikalishwe. Kuanzia leo ni kulala tu.

FUNDI: Kwa muda, lakini.

MAMA BOSI: Na mimi nilimuuliza hivyohivyo.

FUNDI: Akasema?

MAMA BOSI: Akanyanyuka, akaniletea maji ya kunywa.

FUNDI: Basi nakirekebisha! Leo leo nakata zile bawaba, nauangusha mgongo wa kiti nyuma, nachomelea pa kuwekea kichwa, natandika godoro—

MAMA BOSI: Nilimwambia. Nilimwambia mume wangu ni fundi, hashindwi na chuma. Akasema si kiti, mama. Kiti hakina kosa.

DALALI: Fundi, vipi, unachukua? Na hiyo vocha yangu inaisha!

FUNDI: Tulia kidogo, ndugu yangu! [vishindo] Mama Bosi, upo?

MAMA BOSI: Nipo.

FUNDI: Kiti nimekitoa. Nimelaza siti. Sasa na mimi nimejilaza, nione.

MAMA BOSI: Jamani, Baba Bosi.

FUNDI: Mimi miguu imebaki nje. Yeye anaenea. Na wewe pembeni yake unaweza kukaa, kwa kujibana.

MAMA BOSI: Basi hilo linafaa.

FUNDI: Ila nafasi ni ya hivi alivyo. Akirefuka kidogo tu, nyayo zinagusa mlango. Na kwetu watoto wanarefuka ghafla, dada zangu wote walikuwa hivyo. Mwakani hapa hapatamtosha. Bora nitafute lenye mgongo mrefu?

MAMA BOSI: Patamtosha.

FUNDI: Nasema mwakani—

MAMA BOSI: Nimekusikia, mume wangu. Patamtosha.

[mtandao unakwaruza]

DALALI: Bwana mkubwa, toka basi! Kuna mteja mwingine anataka kuliona!

FUNDI: Mwambie asubiri.

DALALI: Sasa umelala humo mpaka saa ngapi?

FUNDI: Asubiri, nimesema!

MAMA BOSI: Baba Bosi. Unalia?

FUNDI: Salio la watu linaisha, mama. Haya, kwaheri.

MAMA BOSI: Usikate! Inuka humo, mume wangu. Nasema inuka uje nyumbani, mimi peke yangu sita—

[simu inakatika]