Mzee Milimita, Mkaguzi wa Mabehewa na Mjenzi wa Mifano Yake

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa asubuhi ya tarehe 14 Machi 1946, mlango wa saba, mstari wa tatu, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa nne wa baba mtandika reli na mama mfua nguo wa hospitali. Kutoka dirisha la chumba alichozaliwa hadi njia ya reli palikuwa na hatua kumi na tisa. Alizihesabu mwenyewe akiwa na miaka sita. Akazihesabu tena akiwa mtu mzima, akakuta kumi na mbili, na kwa muda akashikilia kwamba nyumba imesogezwa. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakuanza kwa kutamka "mama", alianza kwa kuhesabu mabehewa. Tumelipokea hilo kama lilivyosemwa, maana maneno ya mama hayapimwi kwa rula.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kuanzia 1954 hadi 1961. Alikuwa mchelewaji sugu. Siku moja mwalimu wa hesabu alimsimamisha mbele ya darasa aeleze kinachomweka njiani, naye akataja, moja baada ya nyingine, namba za mabehewa ishirini na sita ya mizigo yaliyopita asubuhi hiyo. Mwalimu alimwambia akae. Jioni alimfuata baba mtu nyumbani, akamshauri kwamba kichwa hicho kipelekwe ufundi. Mwaka 1963 akaingia chuo cha ufundi cha reli, akahitimu 1966, wa tatu kati ya wanafunzi thelathini na mmoja.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa katika karakana ya mabehewa. Jina la Milimita alilipata hapo kabla hata ya mshahara wa kwanza. Msimamizi alikuwa amepitisha mlango mpya wa mbao wa behewa la nafaka akisema unatosha. Kijana akasogea na rula yake, akasema kwa heshima zote kwamba umezidi milimita mbili. Mafundi wakacheka hadi wakakaa chini. Mvua ya kwanza iliponyesha, mlango ule ulivimba ukagoma kufunguka, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita tena kwa jina alilopewa na wazazi. Mwaka 1971 akapandishwa kuwa mkaguzi wa mabehewa. Wengi wenu mnamkumbuka akipita kando ya treni na nyundo yake ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kuinamisha sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele, alitufundisha. Lenye ufa hulia kama sufuria.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1972 na mshonaji wa sare za wafanyakazi, ambaye ndiye mjane wake leo. Wiki moja kabla ya harusi alienda nyumbani kwa wakwe na kuomba radhi, akapima kitanda cha bibi harusi kwa urefu, upana na kimo, kisha akatangaza kwamba hakitaingia katika mlango wa chumba chao. Wakwe wakaona wamepata mkwe wa ajabu. Kitanda kikakwama mlangoni, kama alivyosema, na wanandoa wale wapya walianza maisha kwenye godoro chini. Mungu aliwajalia watoto watatu, mwaka 1974, 1976 na 1979.

Sehemu inayofuata marehemu aliagiza isirukwe. Tulipomwambia, miaka mitatu iliyopita, kwamba mambo hayo hayasomwi makaburini, alijibu, "Someni. Msinipake rangi mpya." Tunamtii.

Tarehe 3 Juni 1979 behewa la mizigo lenye milango miwili liliachwa kwenye njia ya pembeni pale yadi, mahali penye mteremko mdogo. Kazi ya kulifunga breki kwa mkono ilikuwa ya mshika breki, rafiki mkubwa wa marehemu, mtu mcheshi ambaye yadi nzima ilimwita Bwana Taa kwa sababu hakuwahi kuonekana bila taa yake, hata jua la mchana likiwaka. Aliposhuka upande wake hakukuta mkono wa breki, ule mpini wa kuivutia. Ikabidi apenye katikati ya mabehewa mawili kuufuata upande wa pili. Akiwa hapo kati, behewa likatembea. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali.

Kamati ya uchunguzi iliketi siku nne baadaye. Haikutoka ofisini, na behewa lenyewe lilikuwa limeshaondoka na mzigo wake. Mezani palikuwa na mchoro wa zamani uliolionyesha likiwa na mikono miwili ya breki, mmoja kila upande. Palikuwa pia na fomu ya ukaguzi ya asubuhi ya ajali, yenye alama ya tiki kwenye mstari uliosema "mikono ya breki, pande zote, mizima". Tiki hiyo aliiweka marehemu. Alijua, kama walivyojua wakaguzi wote, kwamba mabehewa ya aina ile yalikuwa yameondolewa mkono mmoja katika matengenezo ya miaka ya nyuma. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, na mazoea yana tabu. Kila mtu alikitia tiki akaendelea na kazi.

Wakamuuliza behewa lile lilikuwa na mikono mingapi ya breki.

"Kwa mujibu wa mchoro, miwili," alijibu.

Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi miwili, na aliogopa. Taarifa ikaandikwa kwamba mshika breki alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, kwani alikuwa na breki mbele yake asiivute. Mjane wa Bwana Taa na watoto wake wakapewa siku thelathini kuhama nyumba ya kazi. Marehemu aliwasaidia kubeba vyombo. Alisema baadaye kwamba katika maisha yake hakuna mzigo uliomlemea kama meza yao ndogo ya miguu mitatu.

Mwaka 1983 shirika lilianza kuyakatakata mabehewa ya zamani kuwa vyuma chakavu, na hapo ndipo alipoanza kazi iliyompa jina nje ya reli. Alijenga mifano ya mabehewa ya mizigo, sentimita moja ya mfano kwa sentimita ishirini za behewa lenyewe. Alitumia bati la makopo, mbao za masanduku, tupa, msasa na jiriwa ya kubania vyuma iliyofungwa kwenye ukingo wa meza ya kulia chakula. Ribiti, yaani misumari ya kuunganishia mabati, alizitengeneza kwa vichwa vya pini za mkewe. Mama alikuwa akinyanyua kitambaa kukishona, anakuta pini zote hazina vichwa. Aliwaambia majirani kwamba alidhani ameolewa na mwanamume, kumbe ameolewa na stesheni.

Hakujenga kitu kwa kutazama picha. Alilifuata behewa lilipo, akalala chini yake, akalipima, akaandika. Ili kujua rangi ya zamani alikwangua kwa wembe tabaka moja baada ya jingine, akihesabu kama mtu anayemenya kitunguu, na kila mfano uliandikwa chini yake: behewa fulani, kama lilivyokuwa Novemba 1958. Mkufunzi mmoja wa chuo alikuja na picha kumthibitishia kwamba behewa la ng'ombe lilikuwa na mbao nane ubavuni. Marehemu alimkaribisha chai, akamwonyesha daftari, akamweleza kwamba ubao wa tisa umefichwa na ng'ombe. Mkufunzi aliinamia picha ile kwa muda mrefu. Wakawa marafiki.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2001. Kufikia hapo rafu za sebuleni zilikuwa na mabehewa thelathini na nane: ya nafaka, ya magogo, ya maji, ya mifugo, ya kokoto. Mkewe, ambaye alikuwa akiyafuta vumbi kila Jumamosi, alikuwa ameona jambo moja. Siku moja mwaka 2004, mchana, akamuuliza mbona hajawahi kujenga lile la milango miwili, ilhali mabehewa hayo ndiyo yaliyokuwa mengi kuliko yote. Marehemu akaweka tupa mezani. Akamsimulia yote, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mitano. Alipomaliza, mama akasema, "Basi lijenge. Na ukilimaliza, usiliweke humu."

Ilimchukua miaka miwili kulipata behewa la kupima, maana karibu yote yalikuwa yamekatwa. Hatimaye alilikuta moja limesahauliwa kwenye machimbo ya kokoto yaliyofungwa, limezama kwenye majani hadi kwenye ekseli za magurudumu. Alikuwa na miaka sitini. Siku tatu alilala chali chini yake, mkewe ameshika ncha ya utepe wa kupimia. Upande mmoja mkono wa breki ulikuwepo, umeshika kutu. Upande wa pili palikuwa na matundu manne yaliyozibwa na kusuguliwa. Akayakwangua. Rangi ilipita juu ya viraka vile bila kukatika, tabaka nne, na la chini kabisa lilikuwa lile la matengenezo makubwa, ambalo tarehe yake ilikuwa bado inasomeka kwenye fremu: Februari 1964. Mabehewa ya aina ile yalikuwa yameondolewa mkono mmoja miaka kumi na mitano kabla ya Bwana Taa kuutafuta. Mama anasema mzee hakutoka pale chini hadi akamvuta mguu, akidhani amezirai.

Tarehe 18 Februari 2007 alilibeba behewa lile dogo ndani ya boksi la viatu, akaenda nalo kwa mjane wa Bwana Taa, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe seremala. Aliliweka mezani. Alimweleza kuhusu mkono wa breki, mchoro, fomu na tiki. Mama yule alilizungusha taratibu, akatazama upande wenye mkono, akatazama upande usio nao, akapitisha kidole mahali palipokuwa patupu.

"Siku ile ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua, shemeji."

Akalivuta behewa karibu naye. Seremala alikuwa amesimama mlangoni, randa mkononi.

"Sitakwambia nimekusamehe ili ukalale vizuri," mama yule akasema. "Kwanza nenda kawaambie wao, kama ulivyoniambia mimi. Behewa niachie."

Marehemu akaenda, akajenga jingine la pili sawasawa na lile, akalipeleka makao makuu pamoja na maelezo ya kurasa kumi na moja aliyoyatia sahihi kila ukurasa. Alizungushwa mwaka na nusu. Njoo kesho, mkuu yuko safarini, faili halionekani. Baadhi ya wazee wenzake waliacha kuitikia salamu zake. Msimamizi mmoja mstaafu alimfuata akamwambia awaachie waliokufa mambo yao, maji yakimwagika hayazoleki.

"Hayazoleki," marehemu alimjibu, "lakini aliyeyamwaga anajulikana."

Barua ilitoka tarehe 5 Septemba 2008. Ukurasa mmoja. Ilifuta neno uzembe mbele ya jina la mshika breki, ikaandika kwamba chanzo cha ajali kilikuwa upungufu wa behewa na ukaguzi usio wa kweli. Jina lililowekwa hapo ni la marehemu. Siku hiyohiyo alikishusha ukutani cheti chake cha utumishi wa muda mrefu, akakirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Karani wa mapokezi hakujua akipokee kwa fomu ipi.

Mwaka 2017 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa neva na hautarudi nyuma. Kwa mtu aliyekuwa akiweka kichwa cha pini mahali pake bila kuvuta pumzi, hilo lilikuwa pigo zito, na hatutasema kwamba alilipokea kwa furaha. Alinuna mwezi mzima. Kisha akawa anatamka vipimo, na kitinda mimba wake anaandika. Wamejaza madaftari tisa. Mwaka 2019 mifano thelathini na nane ya sebuleni ilipokelewa na chuo cha ufundi alikosoma, ambako wanafunzi wa ufundi wa mabehewa huitumia kujifunza hadi leo.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 2022 alilazwa kwa homa ya mapafu. Mjane wa Bwana Taa alifika wodini siku tatu mfululizo saa za kuona wagonjwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akamweleza habari za wajukuu na za paa linalovuja, akamnywesha chai kwa kijiko kwa sababu mikono ya mzee haikuweza kushika kikombe. Siku ya tatu, mgeni alipokuwa akiaga, marehemu alijaribu kusema jambo. Mama yule akamrekebishia shuka, akamwambia, "Tulia, shemeji. Nimeshasikia."

Mzee alifariki Jumatano tarehe 11 Mei 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane mmoja, aliyeishi naye miaka arobaini na tisa na miezi tisa. Ameacha watoto watatu: mwalimu wa hesabu, fundi wa umeme na muuguzi; pia wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja, dada mmoja, na rafiki yake mkufunzi. Na jana asubuhi, karatasi hizi zikiwa karibu kwenda kuchapwa, seremala alikuja na ujumbe kutoka kwa mama yake. Mama huyo aliomba jina lake lisiwekwe kwenye orodha ya wageni, liwekwe hapa, kwa jamaa. Basi amemwacha pia shemeji yake, mjane wa Bwana Taa.

Mzee wetu, pumziko alilolitafuta muda mrefu na alipewe, na liwe la amani.