Swali Huulizwa Kabla Lori Halijafika

Mheshimiwa Alexander, mwakilishi wa wadi yetu, Chifu, Pasta, uliyetuombea kwa ufupi na Mungu akubariki kwa hilo, Madam Shirley, mkurugenzi wa redio yetu, wakulima wenzangu, wageni waalikwa, na wewe Ndugu Kebaso, uliyevalishwa koti jipya ukatulia kama bwana harusi, nawasalimu kwa Kikalenjin: chamgei! Hamjaamka? Chamgei! Sasa nimewasikia.

Naitwa Wanjiru, mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai hapa Kapsoit. Nimeambiwa nimsifu Kebaso, anayestaafu leo, kisha nikae chini. Nitajaribu, lakini mnanijua.

Ndugu zangu, mnakumbuka redio yetu kabla ya Kebaso? Habari zilikuwa mheshimiwa amefungua, mheshimiwa amezindua, mheshimiwa amepongeza. Nani aliuliza kama kilichofunguliwa kimefungwa tena? Hakuna. Ndipo akaja huyu mwanahabari kutoka Kisii, kinasa sauti amekifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, akatukuta jioni kituoni tukisubiri lori la kiwanda lije kubeba majani. Na lori letu mnalijua. Likiambiwa saa kumi, wewe nenda ukamue ng'ombe kwanza.

Tulikuwa tumemwaga majani mezani tukichambua, kila mtu anatoa yaliyokomaa ili karani wa kupima majani asije akatukatalia gunia. Mikono ikiwa kazini, mdomo nao hufunguka. Kebaso akasikiliza, kisha akauliza, "Mama, haya maneno mbona hamwambii viongozi?" Nikamjibu, "Viongozi hawachambui majani." Akacheka. Wiki iliyofuata akatuletea mmoja.

Hivyo ndivyo kipindi kilivyoanza, na sheria yake ilikuwa moja: kiongozi akija, hapewi kiti. Anasimama mezani nasi, anachambua, na anajibu. Kebaso alisema kiti kikiwa kirefu, jibu nalo hurefuka.

Mtamkumbuka yule mheshimiwa wa zamani, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu mkewe tunaimba naye kwaya. Mama Chepkurui, yule pale wa kitambaa cha kijani, alimuuliza: zahanati imejengwa, imepakwa rangi, imekatiwa utepe, mbona mlango una kufuli? Mheshimiwa akaanza: mchakato, mikakati, wadau. Na kadiri alivyosema, ndivyo mikono ilivyopotea njia. Anatupa vichipukizi chini, anaweka mabua guniani! Na redio iko hewani moja kwa moja. Karani akachungulia gunia, akasema, "Hili nimekataa." Gunia lenyewe lilikuwa langu! Wee, nilikasirika. Nikamwambia hewani, "Mheshimiwa, majani yangu umeharibu, sasa angalau tupe muuguzi." Kapsoit nzima ilicheka, na mwezi haukuisha kabla ya kufuli kuondolewa. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa pale, mvua ikinyesha, barabara ya kwenda Kericho haipitiki. Kebaso, sijawahi kukwambia haya mbele ya watu. Mtoto yule hangekuwa hai. Nakushukuru sana.

Jamani, nazikumbuka jioni zile! Wazazi wangu walitoka Nyeri, Kebaso alitoka Kisii, Mama Chepkurui kazaliwa hapa hapa, na kila uchaguzi ulipokaribia walikuja watu kutukumbusha nani mgeni na nani mwenyeji. Pale mezani hatukuwa na nafasi ya kukumbuka. Tuligombana, ndiyo, lakini tuligombania mfereji wa maji. Baadhi ya wale waliouliza maswali makali tumekwisha kuwazika. Siku hizi vijana wanauliza kwa simu, wanatukanwa kwa simu, na yanaishia kwa simu.

Sasa mnisamehe, sifa zimeisha na bado nina neno. Nasikia Kebaso akistaafu, kipindi nacho kinastaafu. Nasikia saa ile itapigwa muziki, na viongozi watahojiwa studioni, kwenye viti vya kuzunguka, maswali wakiwa wametumiwa mapema. Kebaso aliniambia jana kwa sauti ya chini, na huyu mtu sijawahi kumsikia na sauti ya chini. Koti tumempa, lakini si koti alilokuwa akililia, ni kipindi.

Madam Shirley, mwanangu, nakuheshimu. Najua muziki unaleta matangazo ya biashara, na wafanyakazi wako lazima wale. Lakini muziki ukipigwa, nani atauliza dawa za zahanati zimeenda wapi? Maana wiki hii tena hazipo, watu wanarudishwa na homa zao. Beverly ameketi nyuma yako, amefunzwa kazi na Kebaso mwenyewe. Nakuuliza mbele ya watu wote: Jumatatu atakuja kituoni kwetu, mezani pa majani, au haji? Usitikise kichwa tu, Madam. Wewe ni mtu wa redio, tusikie sauti.

Mmemsikia? Amesema Beverly atakuja, kwa majaribio, mpaka Krismasi. Pigeni makofi! Krismasi tutaongea tena, mimi sihami.

Kebaso anafuta macho. Mwacheni alie, amefanya kazi.

Na wewe Mheshimiwa Alexander, naona unapiga makofi kushinda wote. Basi Jumatatu tutaanza na wewe. Swali ni hilo la dawa, na nimekutumia mapema mara hii tu. Uje na shati la mikono mifupi.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.