Ukuta Usiokuwa na Picha

Mama zangu, shikamooni. Ninyi wadogo, marahaba, hata kabla hamjaniamkia. Nimeombwa niseme yaliyonipata, na sitataja jina la mtu, maana wengine tumekaa nao hapa hapa.

Kule kwetu, nyuma ya Kwedizinga, nilikuwa fundi wa kupaka nyumba. Mwanamke akishakandika ukuta ananiita, naja na udongo mwekundu, mweupe na masizi. Sikuchora ng'ombe wala maua. Nilitandaza rangi tu kwa kiganja mpaka moyo uniambie basi. Walinicheka, lakini waliniita.

Ukaja mwaka wa serikali kutuhamishia vijiji vya ujamaa. Kila nyumba ya kuondolewa ilipigwa mstari mweusi mlangoni. Yetu ikapigwa, ikabomolewa, tukashushwa hapa mvua ikinyesha, paa hakuna. Binti yangu alikuwa bado ananyonya. Kifua kikambana, akafia chini ya turubai la jirani. Ndugu zangu, nawaambia, sikulia. Watu wakanisifu kwamba nina imani. Haikuwa imani, nilikuwa nimekauka.

Nyumba mpya ikasimama, ukuta ukakaa bila kupakwa. Nikaacha kupika, mume wangu akawa anawasha moto mwenyewe. Nikawaza kamba. Nalisema hilo wazi kwa sababu humu ndani huenda yupo anayeiwaza.

Mchana mmoja, mume wangu yuko shamba la kijiji, nikakwangua masizi ya chungu nikaanza kupaka. Nikaufanya ukuta mweusi kutoka mlangoni hadi kona, halafu nikapitisha wekundu katikati kwa vidole. Sikujua nafanya nini. Nilipoacha, machozi yalikuwa yamenilowesha hadi kifuani.

Sasa sikilizeni tulivyo. Jirani kuona weusi mlangoni, akadhani tumepigwa mstari tena. Akakimbia kufunga mikeka. Mwingine akamwona anafunga, naye akafunga. Kufika alasiri watu wamejaa njiani, mizigo kichwani, kuku mkononi, wanaulizana tunapelekwa wapi. Mwenyekiti wa kijiji akaja amefura.

"Mama, umechora nini?"

"Sijachora kitu, mwenyekiti."

"Mbona watu wanahama?"

"Huyo ni mwanangu," nikamwambia. "Ndivyo anavyokaa ndani yangu."

Akashika ndoo ya maji aufute. Bibi mmoja akamzuia. Akatua mzigo wake, akaweka kiganja juu ya ule wekundu, akasema, "Na wangu yupo hapa." Alikuwa amemzika mjukuu mvua zile zile. Akaangua kilio, na wenye mizigo wakalia naye. Mwenyekiti akaiweka ndoo chini, akageukia pembeni kujifuta macho. Yeye naye alihamishwa. Tangu tufike hapa hatukuwahi kulia pamoja.

Masika yaliyofuata yaliuosha ukuta. Mwanangu hakurudi, na uchungu ninao hadi leo, ila kamba siiwazi tena. Namshukuru bibi yule, Mungu amrehemu. Namshukuru mume wangu aliyewasha moto bila kunilaumu, na mwenyekiti aliyeacha kufuta.

Funzo langu ni dogo: aliyefiwa msimwambie anyamaze. Mpeni kitu cha kufanya kwa mikono, mkae karibu.

Yupo mwenzetu hapa, tangu tuanze hajainua uso. Simtaji. Mwanangu, kesho nitakuwa nyumbani kutwa, na ukuta ninaoupaka upya, upande mmoja bado. Njoo. Si lazima useme neno.