Chupa Sita za Kwenda Niemba

Mheshimiwa Komiseri, Dokta Valère, mganga mkuu wa hospitali yetu, mapadri na wachungaji, Mama Henriette pamoja na wauguzi wenzako, waendesha baisikeli kumi na mmoja mlio mbele yangu, na ninyi, akina Papa na akina Mama wa Kalemie, mlioacha biashara zenu asubuhi hii mkaja kusimama hapa stesheni: kila mmoja apokee salamu yangu kwa cheo chake na kwa jina lake.

Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ni Mwamba, msomaji wa habari wa redio. Nitaanza na kosa langu, kwa kuwa safari hii ilizaliwa humo.

Mwaka 1989 tulipokea barua kutoka ng'ambo. Walioiandika ni watu ambao kila mwaka hupanda baisikeli na kuvuka milima ya kwao kwa siku saba wakichangisha fedha, ili ipatikane dawa kwa ajili ya watu wasiowajua, popote duniani, ambao damu yao haigandi. Waliuliza swali moja tu: je, kwenu wapo? Nilikwenda hospitalini, nikaomba daftari za miaka kumi, nikazisoma ukurasa kwa ukurasa. Sikumwona hata mmoja. Niliwajibu kwamba hawapo, na jioni nikalisoma jibu hilo redioni kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Nani angenilaumu? Lakini daftari humwandika aliyefika hospitalini. Mtoto anayevuja damu kijijini hafiki. Anazikwa, na majirani wanaanza kutafuta aliyemroga.

Kesho yake mtu mmoja alipanda ngazi za studio akiburuta mguu wa kulia, goti halikunjiki. Alikuwa Germain Kalenga, fundi baisikeli wa pale karibu na bandari. Hakunisalimu.

"Papa Mwamba," alisema, "jana umesema ku redio kama hatuko. Sasa mimi njo nani?"

Nilimpeleka kwa Dokta Valère, akamchunguza, nasi tukaandika barua ya pili. Mwaka huu zimetufikia chupa sita za dawa, unga unaochanganywa na maji na kuingizwa mshipani, pamoja na picha ya wale waendeshaji wakiwa wamesimama juu ya mlima. Germain aliibandika picha hiyo kwenye ukuta wa kibanda chake. Aliichunguza muda mrefu, kisha akatoa maoni ya fundi, kwamba matairi ya watu hawa hayajawahi kuona kiraka.

Ndugu zangu, Germain ana miaka thelathini na moja. Kwa miaka kumi na minne ametengeneza baisikeli zenu, na hajapanda hata moja. Akianguka kidogo tu, goti lile linajaa damu, naye analala mwezi mzima. Kwa hiyo huipindua baisikeli, huzungusha pedali kwa mkono na kuisikiliza, halafu humwomba mwenyewe aijaribu barabarani. Mnamwita "dereva wa mikono", naye hucheka pamoja nanyi. Mimi nimeketi kwenye benchi lake mara nyingi. Nimeona anavyoitazama baisikeli mpaka inapotelea kwenye kona, na anavyoendelea kutazama hata baada ya hapo.

Mwaka jana vijana hawa wa baisikeli walifuata njia ya reli hadi Nyunzu wakiuliza kila stesheni kama kuna watoto wanaovuja damu bila kukoma. Kila mahali waliambiwa hapana. Ni Niemba peke yake ambako mama mmoja, Rosalie, muuza mihogo, aliwajibu. Watoto wake wawili walitahiriwa, wakavuja damu mpaka wakafa. Wa tatu, Néhémie, ana miaka saba, na babu yake husema kwamba katika ukoo ule hakuna mwanamume aliyekikwepa kisu. Gaspard, huyu hapa, alimweleza mama huyo kuwa ule ni ugonjwa na si uchawi, na kwamba mtoto huyu asikatwe. Mama Rosalie alimtazama kifua na miguu.

"Wewe damu yako iko muzima," alimwambia. "Munionyeshe mumoja mwenye ugonjwa huu aliyekomaa."

Hawakuwa naye. Walirudi nyumbani.

Juzi Jumatatu katekista wa Niemba alituita kwa fonia, ile redio ya misheni. Néhémie atatahiriwa Jumamosi. Leo ni Jumatano. Treni imesimama tangu mwezi uliopita kwa kukosa mafuta, kwa hiyo vijana hawa watambeba Germain kwa baisikeli, Mama Rosalie amwone.

Sasa nasema jambo ambalo Germain ameniruhusu kulisema. Yeye hajatahiriwa. Kaka yake alikufa kwa kisu hicho, na mama yao akamtorosha kutoka Kongolo kabla zamu yake haijafika. Ndiyo maana yuko hai. Kila mwanamume aliyesimama hapa anajua maneno anayotupiwa mtu mzima wa namna hiyo, na baadhi yenu mmekwisha kuyatumia. Ijumaa jioni Germain atalitamka jambo hilo kwa kinywa chake mbele ya yule babu na wazee wa Niemba.

Dokta Valère alipinga safari hii. Alisema siku tatu za mitikisiko juu ya kereta, kile chuma cha kubebea nyuma ya baisikeli, zinaweza kulifumua goti, na goti la mtu mzima likivuja linameza chupa nne. Alimwuliza Germain ni ngapi zitengwe kwa ajili yake.

"Hakuna," Germain alijibu. "Babu akikataa kutusikia, watamukata mutoto. Zote sita ni zake."

Walibishana sana. Mwishowe Dokta mwenyewe ndiye aliyezifunga chupa sita ndani ya sanduku la barafu.

Jana alasiri Gaspard alimaliza kushona kiti cha sifongo nyuma ya baisikeli yake. Kabla ya kukijaribu, Germain aliomba aketi kwanza pale mbele, mahali pa mwendeshaji. Gaspard na mwenzake waliishika baisikeli huku na huku, wakatembea nayo kutoka posta hadi hapa. Mguu mmoja ulizunguka na pedali, mwingine ulining'inia. Niliwafuata kwa nyuma. Germain alisema jambo moja tu, kwa sauti ndogo: "Kumbe njo hivi inakuwaga."

Mtaniuliza, je, yule babu atasikia? Sijui. Sijawahi kusoma habari ambayo haijatokea. Ninachojua ni kwamba wakiondoka sasa watafika Ijumaa kabla ya giza, na wakichelewa hapa watalala njiani.

Ratiba inanipa nusu saa, na baada yangu wako wasemaji wawili. Nimewaomba wakae wasiseme, wamekubali. Mheshimiwa Komiseri, kwa heshima zote nakuomba na wewe: hotuba yako tuisikie siku watakaporudi.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa tugawanyike pande mbili, tuwaachie barabara. Gaspard, penye mawe shuka, usukume. Nendeni.