Amri Arobaini Alizobakiza Ouseph

Wapendwa waombolezaji, mimi Chacko, kaka mkubwa wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea wasifu wake, na nitasoma yote, hata lile ambalo shemeji Saramma ameniomba nilipite.

Marehemu Ouseph Kurian alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Pala, kitindamimba wa mzee Kurian, mgema wa utomvu wa mpira, akasoma shule ya parokia hadi 1996, akahitimu chuo huko Thrissur mwaka 2001, na tangu Juni 2003 akafundisha kompyuta mjini Kottayam. Tarehe 8 Januari 2006 alifunga ndoa na Saramma, wakajaliwa binti mmoja, Rinu.

Mwaka 2012 mwanafunzi wake mmoja, mjane wa makamo, aliingia katika programu ya kuandikia, ile inayoendeshwa kwa amri za herufi tupu, akashindwa kutoka, akaona haya kuuliza, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta hadi darasa likafungwa, na hakurudi tena. Jambo hilo lilimchoma Ouseph, akaanza kutengeneza chombo ambacho mtu anakiandikia swali kwa Kimalayalam, lugha yetu ya nyumbani, nacho kinamweleza amri moja moja, bila kumcheka. Mimi ndiye niliyemcheka. Nilikuwa nikimwambia, "We Ouseph, wenzako wanajenga maghorofa, wewe unafundisha watu kufungua mlango!"

Aprili 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, zikiwa zimebaki amri arobaini za kuelezwa katika chombo chake, na mikono ilipomwisha nguvu akawa ananitamkia nami naandika katika programu ileile, kando ya kitanda, siku kumi na moja, kompyuta haizimwi. Tarehe 2 Novemba, baada ya kumaliza ya arobaini, alisinzia, nami nikataka kutoka katika programu, nikabonyeza amri niliyowahi kumwona akiibonyeza, ikajifunga na kutupa yote, kwa kuwa sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja. Alipoamka nikamwambia. Akaniuliza, "Sasa kaka, si ungekiuliza chombo?" Kilikuwa wazi palepale pembeni ya kioo. Alijaribu kuanza upya, akafika amri ya tatu, akafariki tarehe 9 Novemba, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 44.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea uji wa mchele kila asubuhi, na walimu wenzake, ambao jana waliniomba niwatajie maelezo yale, walau kwa kumbukumbu, ili wakamilishe kazi yake. Walimu wangu, sikumbuki hata moja, nilikuwa naandika tu, simsikilizi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, na unisamehe.